Usiitoe matumbo redio ya valvu

Ukipanda gari la zamani lililorembwa upya siku hizi, mara nyingi utakuta redio yake imebaki na sura ileile ya enzi zake: vifundo viwili vya rangi ya maziwa, vibonyezo vitano, kioo chenye namba za mita. Ukizungusha kifundo inawaka hapohapo, inatoa FM, na simu yako inajiunga nayo bila waya. Ndani hamna valvu hata moja, yaani zile chupa za kioo zinazopata moto na kukuza mawimbi na sauti. Fundi ameng'oa kila kitu, akabandika kibao cha kielektroniki cha ukubwa wa kiberiti, na mwenye gari ameambiwa kwamba redio yake imetengenezwa.

Mimi sikubaliani na kazi hiyo. Nimefufua redio moja ya valvu na kuifunga kwenye Morris Minor yangu hapa Tanga, na nimejionea kuwa vitu vinavyooza ndani yake ni vichache, bei yake ni ndogo, na vinapatikana. Kinachobaki, yaani valvu, koili (mizingo ya waya) na transfoma, kilitengenezwa kidumu. Kukitupa ili kuokoa jioni kadhaa za kazi ni hasara, maana hakuna kiwanda kinachotoa redio hizo tena, na kila moja inayotolewa matumbo imekwenda moja kwa moja.

Gari lenyewe ni Minor 1000, ile ya injini ya sentimita za ujazo 948 iliyoanza kutoka mwaka 1956. Minor ilibuniwa na Alec Issigonis na kuoneshwa London mara ya kwanza mwaka 1948, na ndiyo gari la kwanza la Kiingereza kufikisha mauzo ya milioni moja. Dashibodi yake ni bati tupu: mita ya mwendo katikati, nafasi ya kuwekea vitu kila upande, na rafu chini. Redio haikuja na gari. Ilikuwa nyongeza, unainunua kwa hela yako na kuifunga chini ya rafu. Uingereza, jina kubwa la redio za magari baada ya Vita Vikuu vya Pili lilikuwa Radiomobile ya Cricklewood, London, kampuni iliyotokana na ushirika wa Smiths, watengenezaji wa mita za magari, na HMV, watu wa santuri.

Yangu ni ya katikati ya miaka ya 1950, ina valvu tano na imegawanyika vipande viwili. Kipande cha mbele, chenye vifundo na kioo, hukamata mawimbi. Cha pili ni sanduku zito la chuma linalokaa mbali kidogo, na humo ndimo mna mambo ya umeme mkubwa na spika inapata nguvu yake. Vipande hivyo vinaunganishwa na waya mnene wenye plagi ya miguu mingi. Ukiona mtu anauza kipande cha mbele peke yake, usinunue. Bila sanduku lake umenunua pambo.

Betri ya gari inatoa volti 12. Valvu zinataka volti zaidi ya 200. Njia ya kawaida ya kupandisha volti ni transfoma, lakini transfoma haifanyi kazi kwa umeme wa betri, kwa sababu umeme huo unakwenda njia moja tu bila kugeuka. Kwa hiyo wahandisi wa miaka ya 1930 wakaweka kitu kinachoitwa vibreta. Ni kopo dogo la alumini, ndani yake mna ulimi wa springi unaovutwa na sumaku: unagusa kushoto, unagusa kulia, takriban mara 100 kwa sekunde. Kila mguso unausukuma umeme upande mmoja wa transfoma, mguso unaofuata unausukuma upande wa pili, na transfoma inadanganyika kwamba imepewa umeme wa kugeukageuka. Upande wa kutokea zinatoka zile volti nyingi, valvu ya EZ80 inazinyoosha ziende njia moja, kapasita kubwa, yaani vihifadhi umeme, zinazituliza, na redio inapata chakula chake. Ule mvumo unaousikia chini ya dashibodi kabla sauti haijaja ni ulimi huo unapiga kazi.

Teknolojia hiyo haikukaa sana. Mwaka 1955 Philco na Chrysler wa Marekani walitangaza redio ya gari ya transista tupu, isiyohitaji volti nyingi wala vibreta, na katika miaka ya 1960 valvu zikaondoka magarini. Katikati ya hapo zilitoka redio za mchanganyiko, zenye valvu maalumu zinazoridhika na volti 12 na transista moja kubwa ya kusukuma spika. Hizo nazo ni nzuri, ila ni mnyama mwingine. Ninayoizungumzia hapa ni ile ya valvu mwanzo mwisho.

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu hutaka kufanya akipata redio ya namna hii ni kuiunganisha na betri aone kama inaimba. Nilipoipeleka yangu kwa mzee mmoja fundi wa redio kule Ngamiani, aliizuia kwa mkono kabla sijaitoa vizuri kwenye gunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeiwasha hiyo?"

"Bado, mzee."

"Vizuri. Usiiwashe. Kwanza nioneshe bafa iko wapi."

Bafa ni kapasita moja ndogo iliyofungwa kukatisha upande wa volti nyingi wa transfoma. Kazi yake ni kumeza kishindo cha umeme kila mara ulimi wa vibreta unapoachia mguso. Ikichoka na kuanza kuvuja, migusano ya vibreta inapiga cheche, inaungua, inashikana. Ikishikana, betri inamwaga umeme wote kwenye upande mmoja wa transfoma, na transfoma hiyo huna pa kuinunua. Kapasita moja ya bei ya chai inaua kitu kisicho na mbadala. Ndiyo maana mzee aliiulizia kabla ya valvu, kabla ya spika, kabla ya jambo lolote.

Yangu ilikuwa ya karatasi iliyoloweshwa nta, nta yenyewe imetoa jasho la kahawia na kumwagikia chini. Joto na unyevu wa pwani haviziachi kapasita za karatasi. Mbadala wake unataka kuhimili volti 1,600 au 2,000, na hapa ndipo nilipofurahi kuishi mahali ambapo vitu vibovu havitupwi: kapasita za plastiki za kiwango hicho zimejaa ndani ya televisheni za kichogo zilizokufa, zile zenye kioo kizito, karibu na transfoma ya kupandisha umeme wa kioo. Mzee alikuwa na kopo la maziwa limejaa hizo. Alichagua moja yenye thamani sawasawa na iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, akaipima, akasema tusipunguze wala tusiongeze. Thamani ya bafa imepimwa kiwandani ilingane na transfoma na mwendo wa vibreta. Ukiweka yoyote iliyo karibu, umerudisha tatizo kwa mlango wa nyuma.

Baada ya bafa, kapasita ya pili kwa hatari ni ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho, EL84. Kwa kawaida ni mikrofaradi 0.01 tu, ndogo kuliko kidole cha mwisho cha mtoto. Upande mmoja wake una volti nyingi, upande wa pili haupaswi kuwa na volti hata moja. Ikivuja kidogo tu, valvu ya mwisho inafunguka kupita kiasi, inapata moto hadi bati lake la ndani linawaka jekundu, kisha inaiunguza transfoma ya spika. Unaweza kuikuta redio yenye kosa hilo inaimba vizuri kwa dakika kumi. Basi usiipime kwa sikio. Ibadilishe.

Zilizobaki ni kazi ya subira. Kapasita za elektroliti, zile kubwa za kutuliza mvumo, zote nje. Za karatasi, zote nje. Zile za maika, bapa na za kahawia, na za kauri kwa kawaida ni nzima, ziache. Rezista za kaboni, zile za kupunguza umeme, hupanda thamani kadiri zinavyozeeka, kwa hiyo pima kila moja na ubadilishe iliyopotoka kwa zaidi ya asilimia 20. Waya zenye ngozi ya mpira, ukizikunja zikakatika kama biskuti, zibadilishe. Na kuna jambo moja naliomba kwa msisitizo: usiziguse skrubu zilizo juu ya makopo ya koili. Zimerekebishwa kiwandani kwa vyombo, na redio nyingi zimeuawa na mtu mwenye bisibisi aliyedhani zimelegea.

Vibreta yangu ilikuwa imelala miaka mingi mno, migusano imeota kutu nyeusi. Kopo lake linafunguka ukilikunjua ukingo taratibu. Mzee alikata ukanda wa karatasi ngumu ya bahasha, akauchovya kwenye spiriti, akaupitisha kati ya migusano huku akibana ulimi kwa kidole chepesi, akauvuta, akaugeuza, akauvuta tena. Karatasi ilitoka na mistari ya masizi. Aliendelea hadi ikatoka nyeupe. Msasa alikataa kabisa, kwa kuwa unaacha mikwaruzo, na mikwaruzo inakaribisha cheche. Ziko vibreta mpya za kielektroniki zinazoingia kwenye soketi ileile, bila ulimi wala mvumo, na mtu anayesafiri mbali kila wiki simlaumu akiitumia, maana inang'oka na ya asili inarudi bila kuharibu chochote. Ninachokipinga ni kazi isiyo na njia ya kurudi.

Kuwasha kwa mara ya kwanza tulifanya mezani. Kwenye waya wa betri tuliunga taa ya mbele ya gari, ili umeme wote wa redio upitie kwenye taa hiyo. Kukiwa na shoti, taa inawaka kwa nguvu na redio inasalimika. Spika iwe imeunganishwa siku zote. Ukiwasha redio ya valvu bila spika, transfoma ya mwisho inaweza kupasuka kwa ndani. Taa iliwaka, ikafifia, ikabaki na wekundu hafifu. Vibreta ikaanza kuvuma. Kisha ukaja muda ule wa kusubiri ambao vijana hawaujui, valvu zinapata moto, hakuna kitu, halafu mkwaruzo, halafu dunia. Tulipoiondoa taa na kuipa volti zake zote, sauti ikanenepa.

Hapa nionye. Watu husikia volti 12 wakadhani hakuna hatari. Ndani ya sanduku mna zaidi ya 200, na kapasita kubwa zinaweza kuzihifadhi hata betri ikiwa imetolewa. Kabla ya kuingiza mkono, ziondolee umeme kwa rezista yenye mpini wa plastiki, kisha pima na uhakikishe.

Sasa garini. Betri ya Minor imefungwa upande wa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo, na hapa ndipo vitu vingi huungua. Redio yenye valvu ya kunyoosha umeme kama yangu haijali sana betri imekaa upande gani. Ziko nyingine ambazo vibreta yenyewe ndiyo inayonyoosha. Hizo zinajali, na baadhi yake zina namna ya kugeuza vibreta kwenye soketi au kuhamisha kiungo ili zifuate gari. Zenye transista ukizikosea upande zinakufa papo hapo. Kama gari lako limebadilishwa likawekewa altaneta, shika mita uangalie upande wa betri kabla hujaamini karatasi yoyote ya zamani.

Redio inavuta ampea 3 hadi 4. Dainamo ya Lucas ya Minor inatoa takriban ampea 20, tena injini ikiwa imechangamka. Likisimama likinguruma polepole karibu haichaji kabisa. Usiku, taa mbili za mbele zimewaka na waipa zinafanya kazi, redio inakula kwenye akiba. Nimeiwekea fyuzi yake mwenyewe, na waya wake unatoka mahali panapokufa ufunguo ukizimwa.

Antena imekaa kwenye madigadi ya mbele. Chini ya kitako chake nilikwangua rangi hadi bati likang'aa, nikapaka grisi baada ya kukaza nati, maana kwenye masafa ya kati bodi ya gari ni nusu ya antena, na mguso mbaya hapo unakuletea kelele ya injini badala ya kituo. Pembeni ya redio kuna kitundu chenye skrubu ndogo ya kulinganisha antena. Hii ndiyo skrubu pekee unayoruhusiwa: tafuta kituo hafifu upande wa mita 200, izungushe hadi kisikike kwa nguvu zaidi, basi.

Kelele ya injini ndiyo iliyonila muda. Kila plagi inapopiga cheche, inatangaza redio yake ndogo, na valvu zinaipokea kwa furaha. Dawa ziko kadhaa na zinafuata mpangilio. Vifuniko vya plagi vyenye rezista kwanza. Kisha kapasita ya mikrofaradi 1 kwenye koili ya cheche ya injini, upande unaoingia umeme wa swichi. Ukiiweka upande wa pili, ule unaokwenda kwenye platini, injini itasumbua. Kisha kapasita nyingine kwenye nguzo kubwa ya dainamo, kamwe isiwe kwenye ile ndogo ya fildi. Mwisho, ukanda wa shaba iliyosukwa kati ya boneti na bodi, kwa sababu boneti iliyokaa juu ya mpira inageuka kuwa antena ya kurushia kelele. Huo ukanda ndio ulionishangaza. Mlio uliokuwa ukipanda na kushuka na mwendo wa injini ulikatika mara tu nilipokaza skrubu ya pili.

Barabara nazo zinadai haki yao. Njia za vumbi zina matuta yanayotikisa kila kitu kilicho ndani ya gari, na valvu isiyobanwa inapanda taratibu kutoka kwenye soketi yake. Angalia kama springi za kuzibana bado zipo. Watengenezaji waliwaza hilo: redio nyingi za magari hazitafuti kituo kwa kapasita ya mapanga kama redio za nyumbani, zinasogeza vijiti vya chuma cha unga kuingia na kutoka ndani ya koili, na vijiti havibabaishwi na mashimo.

Na inasikiliza nini? Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Kioo kimeandikwa mita, si kilohezi. Gawa 300,000 kwa namba ya mita upate kilohezi, kwa hiyo 300 ni kilohezi 1,000. Kibonyezo cha masafa marefu hakina kazi huku kwetu. Masafa ya kati yalibeba utangazaji wetu kwa miaka mingi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, mwaka uleule Minor 1000 ilipotoka kiwandani. Leo vituo vingi vimehamia FM, ambayo redio yangu haiijui. Mchana napata kidogo. Usiku ni habari nyingine: anga ya juu inarudisha mawimbi ya masafa ya kati chini, na ukisimama karibu na bahari unapata Kiarabu kutoka ng'ambo, kinakuja, kinazama, kinarudi.

Kwa mchana nimeweka njia ya kuingizia sauti ya simu. Inaingia kwenye waya unaofika kwenye kifundo cha sauti, kupitia rezista mbili za kuchanganya kushoto na kulia na kapasita ya kuzuia volti isirudi kwenye simu, na swichi ndogo nyuma inachagua kati ya redio na simu. Hakuna tundu lililotobolewa kwenye bati. Sauti inapita kwenye valvu zilezile, kwenye transfoma ileile, hadi spika ya karatasi. Taarabu ya zamani, iliyorekodiwa kwa vyombo vya zama hizo, inakaa humo kwa namna ambayo kibao cha kiberiti hakiwezi: besi haipigi kelele, fidla haichomi, na sauti ya mwimbaji iko katikati ya gari, mbele kidogo.

EL84 bado zinatengenezwa kwa sababu wapiga gitaa wanazitaka kwenye amplifaya zao, na ya Kirusi iitwayo 6P14P inaingia mahali pake. Valvu nyingine nne haziko hivyo; kwa kawaida zinatoka kwenye akiba za zamani. Mafundi wenye maboksi ya valvu nyuma ya duka, msiyatupe.

Ndani ya sanduku la chuma, chini ya mfuniko, nimebandika karatasi iliyofunikwa plastiki. Imeandikwa betri imekaa upande gani, bafa ni ya thamani gani na inahimili volti ngapi, kapasita zipi zimebadilishwa na mwaka gani, rezista zipi zilikutwa nzima, na waya wa simu unakatwa wapi mtu akitaka kuirudisha ilivyotoka kiwandani.